Kuchangia pantri ya chakula mtaani: tupeleke makopo au pesa?

#1 BintiMzizima

Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja kwenye hoja: makopo tunayokusanya kila Desemba hayaisaidii pantri ya mtaani kwetu kama tunavyodhani. Mwaka huu jumuiya yetu ipeleke pesa.

Kwa wasiojua, niko Columbus, Ohio. Kanisa lililo karibu na nyumba zetu lina pantri, yaani stoo ya chakula cha bure. Alhamisi unafika, unaandika jina na idadi ya watu wa nyumbani kwako, unapewa toroli, unapita kwenye rafu na kuchagua. Watu wetu wengi wanaitegemea: Wakongo, Warundi, Wasomali, na Watanzania ambao wengine wanavaa kofia hadi usoni wasitambulike. Tangu fudi stempu, msaada wa serikali wa kununulia chakula, zikatwe mwezi wa kumi na moja foleni haijapungua. Mchele unakwisha kabla ya adhuhuri, mafuta ya kula hayafiki hata saa nne asubuhi. Ila rafu ya mahindi matamu ya kopo na maboga ya kopo imejaa hadi juu.

Kikaoni nimepingwa. Viongozi wanasema makopo yanaonekana, pesa haionekani. Naombeni mawazo, hasa ya waliowahi kujitolea kwenye pantri. Halafu nina swali la pili: kwa nini rafu ziwe tupu kwenye nchi inayotupa chakula kiasi hiki?

#2 Mluguru Asilia

Dada, nakusoma kutoka Morogoro na sijaelewa. Marekani kuna foleni ya chakula? Siyo ya wakimbizi waliofika jana, ya watu wanaofanya kazi?

#3 Karani wa Stoo

#2 Ndiyo mkuu, ya watu wanaofanya kazi. Wizara yao ya Kilimo hupima jambo hili kila mwaka. Mwaka 2023 kaya 13.5 kwa mia, karibu kaya milioni 18, zilipita kipindi ambacho hazikuwa na uhakika wa chakula cha kutosha. Wengi wao wana mshahara, ila mshahara unafika umeshagawanywa.

Mleta mada, nasahihisha moja. Fudi stempu za Novemba hazikukatwa, zilichelewa. Serikali ya shirikisho ilifungwa tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, na pesa za Novemba hazikutoka kwa wakati. Wanaozitegemea ni kama watu milioni 42. Lakini mtu aliyekaa wiki mbili na friji tupu hakuulizi tofauti ya kukatwa na kuchelewa, kwa hiyo foleni nakuelewa.

Mimi nimejitolea stoo hizi muda mrefu, jimbo jingine. Watu huchanganya vitu viwili. Benki ya chakula ni ghala kubwa, lina malori, vyumba vya baridi na mikataba na maduka. Pantri ni tawi dogo, kanisani, msikitini, shuleni, ndiko mwananchi anakoingia. Ghala la kwanza lilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967 na John van Hengel. Wenyewe husimulia kwamba alikutana na mama wa watoto kumi, mume yuko gerezani, aliyekuwa akilisha familia kwa vyakula vilivyotupwa na duka. Yule mama ndiye aliyesema pangekuwa na mahali kama benki, wenye ziada waweke, wenye shida watoe. Leo kwenye mtandao wa Feeding America kuna maghala kama 200.

Kuhusu swali lako: pesa. Pantri inapata sehemu ya mzigo bure kutoka ghalani na sehemu inanunua kwa bei ya jumla. Kopo ulilonunua dukani kwa bei ya rejareja, wao wangenunua kadhaa kwa pesa ileile.

#4 Shangazi Tausi

Nakazia #3. Wenyewe wanatangaza kwamba dola 1 inasaidia kupatikana milo 10.

#5 Mnyamwezi wa Tabora

#4 Shangazi, hiyo dola moja kwa milo kumi nimeifuatilia. Haina maana kwamba ukitoa dola wanaenda kununua sahani kumi. Chakula kikubwa wanapewa bure na wakulima, viwanda na maduka. Dola yako inalipa dizeli, dereva na umeme wa friza ili mzigo ufike. Halafu mlo wanauhesabu kwa uzito, ratili 1.2 za chakula ndiyo mlo mmoja. Ratili 1.2 za matikiti na ratili 1.2 za maharage zinahesabika sawa.

Siwapingi wanaosema pesa. Napinga kuipeleka namba hiyo kikaoni kama ilivyo, wazee wataichambua na hoja yote itakufa.

#6 MutuWaUvira

Bandugu, salama. Mimi niko Louisville, Kentucky. Munaongea bei na makopo, lakini kuna sheria. Tarehe 4 Julai 2025 walisaini sheria mpya, wakimbizi na waliopewa hifadhi wametolewa kwenye fudi stempu. Watu wa Kongo tulikuwa tunafika na kitu cha kwanza ofisi inakufanyia ni ile kadi ya fudi stempu. Sasa kuna familia imefika juzi, watoto sita, baba anatafuta kazi ya kiwandani, kadi hakuna. Ataenda wapi? Pantri. Ndiyo maana foleni imekua, si bei, si dizeli.

#7 Karani wa Stoo

#6 Kaka, sheria ipo na umeieleza vizuri, naongeza tu ili mtu asikae na njaa kwa kutojua. Mkimbizi akishapata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa tena, na anaweza kuiomba baada ya kukaa mwaka mmoja. Watoto waliozaliwa Marekani ni raia, haki yao haijaguswa hata kama wazazi wametolewa, kwa hiyo mzazi aombe kwa jina la mtoto. Sheria hiyohiyo imepandisha umri wa wanaotakiwa kuthibitisha saa za kazi hadi miaka 64, kwa hiyo hata Wamarekani wazaliwa wa miaka hamsini na kitu wameguswa.

Na pantri haiulizi karatasi za uhamiaji. Waambieni watu. Kuna kina mama wanabaki na njaa wakidhani wakiandika jina pale watapelekwa ofisi ya uhamiaji.

#8 UmmuNasra

Assalamu alaykum. Mie ni wa Unguja, naishi Minneapolis, na katika kuchagua chakula cha kutoa nimeona mengi, nisikilizeni.

Siku moja bibi wa Kisomali mbele yangu kapewa maharage ya kopo, picha nzuri ya maharage tu. Mjukuu kaligeuza, kasoma maandishi madogo: nguruwe. Bibi akalirudisha rafuni taratibu kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa aliyempa. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Na siyo maharage peke yake. Maharage ya kusaga ya Kimexico mengine yana mafuta ya nguruwe, mtindi na pipi laini zina jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Mtu anapita rafu nzima anatoka na chumvi na mchele.

Kwa hiyo anayetaka kutoa chakula basi atoe anachokijua: mchele, dengu, kunde, maharage makavu, mafuta ya kula, unga, jodari wa kopo, tende. Na kopo liwe la kuvuta kwa kidole. Wako watu wanalala moteli, hawana kifungulio wala jiko.

Na pampasi! Na pedi! Na sabuni! Fudi stempu hazinunui hivyo hata senti moja. Mama anaweza kuwa na kadi imejaa na mtoto hana nepi.

#9 BintiMzizima

#8 Ahsante sana dada Ummu. Maboga ya kopo sasa nimeyaelewa. Wamarekani wanayafanyia keki mwezi wa kumi na moja, wanatoa yaliyobaki, sisi tunayatazama.

#10 Mkate wa Mofa

Maboga ya kopo yana shida gani? Tia tui la nazi, sukari kidogo na iliki, chemsha. Watoto wangu wanagombania.

#11 OmondiWaDallas

Wacha niseme yangu. #6 anasema sheria, #3 anasema serikali ilifungwa, na foleni tuliiona kabla ya hayo yote. Mwaka 2022 bei za vyakula vya nyumbani zilipanda asilimia 11.4 kwa mwaka mmoja. Halafu nyongeza ya fudi stempu iliyotolewa wakati wa korona ikaisha Februari 2023. Lakini kwangu mimi kubwa ni rent, kodi ya nyumba. Ukichelewesha kodi utapata notisi mlangoni. Ukichelewesha insurance ya gari, polisi watakusimamisha. Chakula ndicho kitu cha pekee kwenye bajeti unachoweza kukikata nusu na hakuna mtu atakayekuandikia barua.

Kwa hiyo mkijaza rafu na kodi ipande tena Januari, mtakuwa mnamwaga maji kwenye debe lililotoboka.

#12 Mama Kijacho

Hakuna anayesema kweli hapa ila nitaisema mimi. Wengi wetu tunapeleka pesa nyumbani kwanza. Mshahara ukiingia, ada ya mdogo wako, dawa za mama, rambirambi, mchango wa harusi. Ukimaliza kutuma, kilichobaki hakitoshi kwenda dukani, Alhamisi unaenda pantri. Nafanya kazi ya kutunza wazee, saa zaidi ya hamsini kwa wiki, na naenda pantri. Sioni aibu kulisema hapa kwa sababu hamnijui.

#13 Mluguru Asilia

#12 Dada yangu, nimesoma mara kadhaa. Kaka yangu yuko huko, Texas. Ada zangu za chuo amelipa yeye na hajawahi kusema neno. Mwezi uliopita nilimwomba simu. Nitampigia leo.

#14 Mzee Kigogo

#12 Mungu akubariki mama. Ila naomba tusije tukageuza jambo hili kuwa kosa la wanaotuma. Waliotuma pesa wamejenga nyumba na kusomesha watu.

Mimi nauliza jingine. Kwa nini tunaipa pantri, tusizipe familia zenyewe pesa mkononi? Mwaka 2011 kaskazini mwa Kenya kulipokuwa na njaa, Wakenya walichangishana kwa M-Pesa, walilenga shilingi milioni 500 na lengo likavukwa. Kila mtu na simu yake, na waliotoa shilingi kumi walihesabiwa. Hapa tunazo simu zilezile. Mpe mama mwenye watoto sita dola mia, anajua mwenyewe kama anataka unga au pampasi. Hatakwenda kupewa kopo la nguruwe.

#15 Karani wa Stoo

#14 Mzee wangu, shikamoo. Nakubali nusu. Mwaka 2011 zilichangwa pesa, lakini kwa walengwa kilichofika sehemu kubwa kilikuwa chakula kupitia Msalaba Mwekundu, kwa hiyo hata pale palikuwa na stoo katikati.

Na pantri inatoa zaidi ya chakula. Kwetu kuna meza mlangoni: mmoja anajaza fomu za msaada wa bili ya gesi, mwingine fomu za shule, kuna nesi wa kupima presha. Mtu aliyekuja kwa mchele anaondoka ameshaandikishwa kliniki. Dola mia ya simu haifanyi hayo.

#16 Mzee Kigogo

Marahaba. Bado dola mia inanunua mchele Ijumaa, wakati pantri ni Alhamisi na mama yuko kazini.

#17 Salum wa Leicester

Huku Uingereza mambo ni tofauti kidogo, labda yatawafaa. Kwenye vituo vingi vya Trussell, mtandao wa benki za chakula wa huku, huingii tu kutoka barabarani. Unapewa vocha na daktari, ustawi wa jamii, shule au ofisi ya ushauri, ndipo unapewa boksi. Benki ya kwanza ya mtandao huo ilianza Salisbury mwaka 2000, na mwaka 2023/24 mtandao uligawa maboksi zaidi ya milioni 3.1. Faida ya vocha ni kwamba kuna mtu anajua kwa nini umefika na anafuatilia. Hasara yake, mwanamume wa Kiafrika aende kumwomba daktari karatasi ya chakula? Nimewaona waliokataa kabisa, wakala mkate na chai wiki nzima.

Kwa hiyo mfumo wa Columbus wa kuandika jina tu, msiuache uharibike.

#18 Ndevu za Mahindi

Samahani natoka nje ya mada. Nilipewa unga wa mahindi pantri, Maseca, nikasonga ugali. Una harufu, unanata, mke wangu hakula. Ulikuwa umeharibika?

#19 Mkate wa Mofa

#18 Haujaharibika ndugu. Huo ni wa tortilla, mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo hiyo harufu. Ugali haukubali. Ufanyie chapati nyembamba za kukaanga, au uji mzito kwa maziwa, utaupenda. Kwa ugali tafuta sembe nyeupe ya kawaida.

#20 MutuWaUvira

Huku sisi tunauchanganya na unga wa muhogo, bugali unakuwa muzuri. Karibuni Louisville.

#21 Mnyamwezi wa Tabora

Turudi kwenye swali la pili la mleta mada, naona tumeliruka. Wizara yao ya Kilimo yenyewe inakadiria asilimia 30 hadi 40 ya chakula cha nchi hii hakiliwi. Sababu ni nyingi, ila inayotuhusu sisi ni woga. Maduka yanasema yanaogopa kushtakiwa mtu akiumwa tumbo. Woga huo hauna msingi: sheria ya Bill Emerson, iliyosainiwa na Rais Clinton mwaka 1996, inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema. Jumuiya ingeweza kumwendea mwenye duka la mboga la mtaani na kumwambia hilo.

Na tarehe kwenye kopo. Watu wanatupa kwa sababu tarehe imepita jana. Sheria ya shirikisho inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga tu. Nyingine zote ni kiwanda kinakueleza ladha yake itakuwa bora hadi lini. Kopo lisilovimba, lisilo na kutu wala bonde kwenye kingo, linalika baada ya hapo.

#22 Shangazi Tausi

#21 Kweli, ila usimpe mtu kitu ambacho wewe usingekipika. Nimefungua maboksi ya michango nikakuta makopo ya miaka ya nyuma kabisa, mengine yamevuja. Wanaojitolea wanatumia asubuhi nzima kuchambua badala ya kugawa. Hilo nalo ni jibu la swali la makopo.

#23 OmondiWaDallas

Mnyamwezi, woga ni sehemu ndogo. Duka likitaka kutoa maziwa leo jioni, pantri inafungua Alhamisi, nani ana friza? Nani ana van? Chakula kipo, gari halipo.

#24 Mnyamwezi wa Tabora

#23 Basi tunarudi kwenye dizeli niliyoisema #5. Ila Omondi, ulisema tatizo ni kodi ya nyumba. Sasa ni van?

#25 OmondiWaDallas

Zote mbili ndugu yangu. Kodi inajaza foleni, van inaacha rafu wazi.

#26 UmmuNasra

Mie naona mnasahau kwamba jambo hili si geni kwetu. Zaka ya fitri ni pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba, vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu hadi tatu. Inatolewa kabla ya sala ya Idi ili maskini naye asiamke na njaa siku ile. Wanavyuoni wanajadiliana mpaka leo kama inafaa kuitoa kwa pesa au lazima iwe nafaka, wengine wanakubali, wengine hawakubali. Kwa hiyo BintiMzizima usiumie kwa kupingwa kikaoni.

#27 BintiMzizima

Nimerudi wakuu. Nimemfuata mama anayeendesha pantri, nikamuuliza angependa nini kutoka kwetu. Alitaja mafuta ya kula kwanza, kisha pampasi za saizi ya 5 na 6, kwa kuwa watu wakichangia hununua za wachanga tu. Pesa anazihitaji kwa friza, iliyopo imeanza kutoa maji. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: Desemba ana watu wa kujitolea hadi hawana pa kusimama, ikifika Februari anabaki na wazee wawili wanaobeba magunia ya viazi. Na anatafuta mtu wa kuongea Kiswahili mlangoni, kwa sababu kuna kina mama wanaandika kwamba nyumbani wako wawili kumbe wako wanane. Hawakuelewa swali, na wanapewa chakula cha wawili.

Nimependekeza pesa kwa friza na zamu za Kiswahili Januari hadi Machi. Katibu bado anataka makopo. Anasema watoto wetu waliozaliwa hapa hawajawahi kumwona mzazi akibeba chakula kumpelekea mtu, na hawatajifunza kutoa kwa kutazama simu ya baba ikituma pesa. Nimeshindwa kumjibu hapo.

#28 Mama Kijacho

Katibu ana hoja. Mimi zamu ya mlangoni Alhamisi ya asubuhi naweza, natoka kazini saa saba usiku. Niandike.

#29 Mzee Kigogo

Mwandike. Na mimi bado nasema sehemu ya pesa iende mkononi kwa wale wasiofika Alhamisi. Hata familia chache.

#30 Karani wa Stoo

#27 Friza msinunue ya nyumbani, haidumu kwa kufunguliwa kila dakika. Ulizeni mikahawa inayofunga, huuza za biashara kwa bei nafuu. Hakikisheni kanisa lina umeme wa kuibeba kabla hamjalipa.

#31 MutuWaUvira

Mukipata friza kubwa muniambie. Kuna duka hapa la mutu wa Bukavu analeta sombe, munayoita kisamvu, ya barafu kwa maboksi, anaweza kutoa. Kutoka Louisville mpaka kwenu ni kama saa tatu na nusu kwa gari. Shida ni nani atapokea usiku.

#32 BintiMzizima

#31 Nitapokea mimi. Nitumie ujumbe wa faragha, taja na ukubwa wa maboksi.